Mtungi wa Indai

Harufu iliyonirudisha kule haikuwa hata ya mchele. Ilikuwa ya mahindi. Nilikuwa nimeketi kwenye ukumbi wa sherehe huko Laken, siku ya ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, nimevaa viatu vinavyonibana, na vikombe vya plastiki vikaanza kupitishwa meza hadi meza. Mtu alikuwa ametengeneza munkoyo, kinywaji cha kwetu Katanga, uji wa mahindi unaochachushwa kwa mizizi ya porini mpaka upate ukali mtamu unaopanda puani. Ukumbi mzima ulichangamka. Wazee walinusa kwanza, wakafumba macho, ndipo wakanywa. Vijana waliozaliwa hapa hapa Brussels waliulizana ni kitu gani, na hapo mama yangu akasimama. Maman, na kitenge chake kipya cha Chaussée de Wavre kikiwa bado na mikunjo ya dukani, aliinua kikombe akawahubiria wale vijana.

"Hii njo tradition yetu, batoto. Nkambo yenu, maman yangu kule Likasi, alikuwa anatengenezaka hii kila mavuno. Bon, muntu asiyejua munkoyo, hajue fasi anatoka."

Watu walipiga makofi. Mimi niliweka kikombe changu mezani bila kukionja, kwa hasira. Nilikuwa na miaka minane mara ya mwisho niliposikia harufu ya namna ile ikitoka kwenye nyumba ya mtu. Na aliyeleta watu wa kukimwaga kinywaji chenyewe alikuwa huyu huyu, bibi wa tradition.

Tulikuwa tunakaa Evere, hapa hapa Brussels, kwenye jengo refu lenye lifti iliyonuka supu za watu wengine. Mimi na maman tu. Papa alibaki Lubumbashi akisubiri viza ya kutufuata, na viza hiyo ilizungumzwa nyumbani kwetu kama jamaa mpendwa ambaye yuko njiani na anaweza kubisha hodi wakati wowote. Maman alisafisha ofisi. Aliondoka kabla sijaamka vizuri, akarudi mchana kulala kidogo, akaondoka tena jioni ofisi zilipofungwa. Katikati ya safari zake hizo nililelewa nyuma ya mlango uliotazamana na wetu, na mlango huo ulikuwa wa Indai.

Indai alikuwa wa kabila la Waiban, kutoka Sarawak, kwenye kisiwa cha Borneo. Wageni huwachanganya watu wake na jirani zao wote na kuwaita Wadayak, wakaishia hapo. Mume wake, Mbelgiji aliyekwenda kule kutengeneza mashine za kupasulia mbao, alimleta Brussels, kisha akafa akamwachia nyumba na kabati lililojaa tai. Alikuwa mfupi, alivaa soksi za sufu ndani ya malapa hata wakati wa kiangazi, na alizungumza Kifaransa cha kuungaunga, cha watu waliojifunzia lugha sokoni. Mimi nilimwelewa kabisa. Tulimwita Maman Indai. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kwao "indai" maana yake ni mama, kwa hiyo sisi wote pale jengoni tulikuwa tukimwita Mama Mama, naye hakuwahi kutusahihisha.

Kila mwaka, miti ya barabarani ilipoanza kufungua majani, Indai alitoa mtungi wake kutoka chumba cha kulala. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, unang'aa, umechorwa joka linalojikunja shingoni, na ulinifika kifuani. Aliupangusa kwa kitambaa kilicholowa huku akiuzungumzisha kwa lugha yake. Kisha alipika mchele unaonata, sufuria baada ya sufuria, mpaka madirisha yakashika ukungu, akautandaza kwenye shuka safi juu ya meza ili upoe. Kazi yangu ilikuwa kuupepea kwa gazeti la matangazo ya dukani. Sikuruhusiwa kuharakisha. Mchele ukiwa bado na moto, alisema, unaua hamira, na hamira ikifa hakuna mavuno mwaka huo, hata kama shamba limejaa.

Hamira yenyewe alikuwa nayo ndani ya kopo la biskuti, vidonge vyeupe vya bapa vilivyolazwa juu ya mabua makavu. Hakuinunua popote. Mama yake ndiye aliyevitengeneza vya kwanza, kwa unga wa mchele na viungo, na kila mwaka Indai alitengeneza vipya, kisha akasaga kimoja cha zamani na kuvinyunyizia vipya unga wake ili viambukizwe uhai. Kwa njia hiyo, kile kilichokuwa kwenye kopo pale Evere kilitoka kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake, bila kukatika. Alinionyesha kidonge kimoja kwenye kiganja chake.

"Huyu ni mkubwa kuliko mimi," aliniambia. "Mimi nikifa, yeye bado."

Alivunjavunja vidonge juu ya mchele uliopoa, akachanganya kwa mikono yake miwili, akajaza mtungi na kuufunga mdomo kwa kitambaa. Siku chache baadaye aliongeza maji ya sukari. Hapo ndipo zilipoanza zile wiki za kusubiri, na nyumba yake ikaanza kunuka nanasi lililoiva kupita kiasi na mkate ambao haujaokwa. Pombe hiyo ya mchele waliiita tuak. Ilikuwa na masharti yake. Anayeitengeneza hali vitu vichachu, kwa hiyo hata mimi nilinyimwa ndimu. Hagombani na mtu. Hatengenezi akiwa na kinyongo. Nilipofika siku moja nimevimba kwa sababu ya ugomvi wa shuleni, alinizuia mlangoni kabisa.

"Una hasira, nenda ukaoshe mikono na uso. Halafu rudi."

"Kwani mchele unajua?"

"Mchele unasikia."

Mtoto wa miaka minane akiambiwa mchele unasikia, anaamini. Tena niliweka sikio kwenye mtungi na nikawasikia wenyewe: puk, kimya, puk, puk. Nilijua sauti ile. Ni sauti ya watu wanaopumua usingizini. Nikajiambia kwamba mle ndani wamelala watu wadogo wa mchele, wengi sana, na kwamba tukipiga kelele wataamka na uchungu na kuharibu kila kitu. Basi nikawa mlinzi wao. Nilitembea kwa ncha za vidole. Mlango wa lifti ulipobamizwa nilikunja uso. Na maman alipompigia Papa simu Jumapili na kuanza kumpandishia sauti, nilikimbia kufunga milango yote iliyokuwa kati yetu na Indai.

Maman hakuwa mgeni wa harufu ile. Hili nataka lieleweke vizuri, maana ndilo linalonichoma mpaka leo. Mwaka wa kwanza tulipohamia pale, alisimama kwenye korido na mifuko yake ya dukani, akanusa, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tutoke Lubumbashi.

"Inanuka sawasawa kwa maman yangu," alisema. "Kumbe huku nako batu banachachisha."

Alinisimulia pipa la nkambo kule Likasi, jinsi wanawake walivyokuja na mabakuli yao, jinsi hakuna aliyeolewa wala aliyezikwa bila munkoyo. Alijua chombo kinachochacha ni nini. Alilala pembeni ya kimoja utoto wake wote.

Indai alimkaribisha kila jioni alipopita kukagua madaftari yangu kabla ya kwenda kazini. Maman alikuwa ameokoka, hakunywa kilevi, na kila jioni nilimsikia akisema, "Non merci, Maman Indai, mimi niko muntu ya Mungu." Kisha nilitumwa ndani kutafuta mkoba wangu wa shule, na niliporudi niliwakuta wawili hao wakicheka kwa sauti ndogo pale mlangoni, maman akipangusa vidole kwenye koti lake la kazi. Nilipenda kuwaona hivyo. Nilidhani wanacheka kwa ajili yangu.

Sherehe yenyewe, Gawai, iliangukia mwisho wa mwezi wa tano. Kule kwao ni siku ya kushukuru mavuno, na nyumba moja ndefu hukaliwa na familia nyingi mlango kwa mlango chini ya paa moja, kwa hiyo wageni hawaishi. Pale Evere wageni walikuwa mimi. Indai alipanga visahani juu ya mkeka: wali, yai, bisi za mpunga, ndizi, kisha akavinyunyizia tuak na kusema maneno yake. Baada ya hapo ilikuja sehemu niliyoipenda. Tulimfukuza pepo wa uchoyo, yule anayekula akiba za watu zikaisha upesi. Kwao watoto huburuta ungo mkubwa kupita milango yote, na kila familia hutupia humo kitu kibovu, kisha vyote vinatupwa nje pamoja na huyo pepo. Mimi niliburuta kapu la nguo chafu kutoka jikoni hadi bafuni, Indai akatupia humo soksi iliyotoboka, kijiko kilichopinda, tai moja ya marehemu, tukashuka kwa lifti na kuvitia kwenye pipa la taka, tukapanda mbio mbio tukicheka ili asitufuate.

Saa kumi na mbili jioni ya Brussels ilikuwa saa sita ya usiku kwao. Simu ililia. Indai aliiweka kwenye spika, na sebule ikajaa milio ya gongo za shaba, vicheko, majina, watu waliokuwa wakipokezana kupiga kelele kwenye kinywa cha simu. Saa hiyo ndugu wote walikunywa kwa pamoja tuak ya maisha marefu, nyumba nzima, wazee kwa wachanga, naye pale Evere akainua glasi yake wakati ule ule na kunywa nao. Mimi nilipata tone moja kwenye ncha ya kidole. Ilikuwa tamu, halafu ikawa kali, halafu ikaisha.

Tone hilo lilikuwa na somo lake pia. Alinifundisha kwamba mtu akikukaribisha chakula au kinywaji na wewe huwezi kupokea, kwa dini au kwa ugonjwa au kwa haraka, usigeuze mgongo tu. Gusa kwanza. Chovya kidole, kipeleke mdomoni, ndipo uende. Ukiondoka hivi hivi, njia itakudai. Utaanguka, utang'atwa na nyoka, mtumbwi utapinduka.

"Hapa hakuna nyoka," nilimwambia.

"Hapa kuna tram," alijibu.

Mwaka huo wa mwisho viza ya Papa ilikataliwa, kwa mara nyingine tena, na maman akabadilika. Kundi la maombi lilianza kukutana sebuleni kwetu. Kiongozi wao tulimwita Papa Pasteur, mtu mwenye sauti nzuri na viatu vilivyong'arishwa, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo na hakuwahi kuuliza swali ambalo jibu lake hakulitaka. Alimwambia maman kwamba kuna kitu kilichofunga karatasi za mume wake. Kitu hicho kiko karibu. Alisema atazame majirani.

Jioni moja maman alikuwa kwenye simu na Papa, anapiga kelele na kulia kwa pamoja. Nilimvuta sketi.

"Maman, sema pole pole. Wale walio kwenye mtungi wa Maman Indai watakusikia. Watakasirika."

 Alifunika simu kwa mkono, akaniangalia. Sikuulizwa ni akina nani, wala nani kaniambia, wala wana ukubwa gani. Mama yeyote angeuliza. Maman hakuuliza, kwa sababu jibu alilokuwa akilitafuta lilikuwa limeshafika.

Walikuja siku yenyewe ya mkesha, mchana. Papa Pasteur, wanawake wawili wa kundi la maombi, maman, na mimi nimeshikwa mkono. Maman ndiye aliyebisha. Indai alifungua akiwa amevaa blauzi yake nzuri na ushanga wa mama yake shingoni, akatuona tumejaa mlangoni, na uso wake ukafunguka. Kwao mgeni wa Gawai hupokewa kwa kinywaji hapo hapo mlangoni, kabla hajaingia, na yeye miaka yote hiyo alikuwa akimwambia maman, leta watu wako, leta ndugu zako, mtungi ni mkubwa mno kwa mtu mmoja. Alidhani maman hatimaye amewaleta. Alikimbia jikoni na malapa yake, akarudi na sinia la glasi ndogo, zimejaa.

"Wageni," alisema. "Ingieni, ingieni. Wageni wangu."

Papa Pasteur alipita pembeni ya sinia bila kulitazama, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi.

"Mutoto," aliniita. "Sema tena ile ulisemaka. Ndani ya hii kintu kuna nini?"

Nilimtazama maman. Maman alisema, "Jibu Papa Pasteur." Na mimi, ambaye nilikuwa nikiwalinda wiki zote hizo, nikajibu kwa sauti ya chini ili nisiwaamshe.

"Wamelala."

Nimewahi kumsimulia rafiki mmoja hadithi hii, na nilipofika hapo aliniambia kwa huruma kwamba lazima nijisamehe. Nilimjibu kwamba sina cha kujisamehe, na alaaniwe anayedai ninacho. Nilikuwa mtoto aliyeambiwa mchele unasikia. Wao walikuwa watu wazima wanne, wamezaliwa Katanga, wamekunywa munkoyo kabla ya kuota meno, na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, hii ni pombe inachacha. Pua walikuwa nazo. Walichagua kutozitumia.

Waliomba kwanza, kwa sauti kubwa, mikono juu ya mtungi. Indai alisimama na sinia lake, anatabasamu bado, kwa sababu alidhani hiyo ndiyo baraka yetu ya mavuno. Alielewa pale wanawake wawili walipouinamisha mtungi na kuuvuta kuelekea bafuni. Tuak ilitoka nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, ikamwagika kwenye beseni la kuogea, ikazunguka tundu na kushuka, na yale mashapo ya mchele yakabaki chini yakitoa mapovu. Nilichungulia. Hapakuwa na watu. Harufu ilijaa bafu mpaka macho yakawasha. Papa Pasteur alikuwa amefungua kabati la jikoni, akaona lile kopo la biskuti, akalifunua, akaona vidonge vyeupe juu ya mabua, na kwake huo ukawa ushahidi kamili. Alitoka nalo kwenye korido akalitumbukiza kwenye tundu la kutupia taka. Nililisikia likigonga kuta za bomba ghorofa baada ya ghorofa.

Indai hakupiga kelele. Alifanya jambo ambalo wao walikuja kulihadithia kanisani kama kilele cha uchawi wake. Alichukua glasi moja kutoka kwenye sinia, akatufuata kwenye korido, akaanza kuwapelekea mmoja mmoja, akiwashika mikono na kuivuta kuelekea kwenye glasi.

"Gusa," alikuwa akisema. "Tafadhali, gusa. Usiende hivyo. Kuna barabara. Gusa."

Walikuwa wametoka kumharibia nyumba, naye anawakimbilia wasije wakapata ajali. Wanawake walirudisha mikono yao kama waliochomwa. Mmoja alipiga yowe kwamba anataka kutuloga. Papa Pasteur aliinua kiganja na kukemea kwa jina la Yesu. Indai aliwapita wote, akafika kwa maman, akamnyooshea glasi, na kumwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu pale jengoni aliyelijua ila yeye. Maman aliweka mikono nyuma ya mgongo. Aliangalia sakafu.

Mimi niligusa. Nilichovya kidole chote na kukitia mdomoni. Maman alinipiga kibao cha mdomo hapo hapo, mbele ya wote, na mlango wetu ukafungwa.

Saa kumi na mbili simu ya Indai ililia. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Nilisikia milio ya gongo, vicheko, watu wakiitana kwa furaha kutoka upande wa pili wa dunia, wakimwambia ainue glasi. Sikusikia sauti yake. Ile glasi aliyotufuata nayo nilikuwa nimeiona kwa tundu la mlango, imewekwa chini kwenye zulia letu la kupangusia miguu, bado imejaa, ikitusubiri. Maman alitoka baadaye akaimwaga, akaiosha kwa dawa ya kuulia vijidudu, na kuitupa.

Papa hakuja. Viza ilikataliwa tena, na baadaye akaoa Lubumbashi, na Papa Pasteur naye akagombana na kundi lake na kuhamia kwingine na viatu vyake. Nayasema haya kwa ajili ya wale watakaotaka kujua kama ilisaidia. Indai aliendelea kukaa pale. Mwaka uliofuata alijaribu kwa hamira ya duka la Wachina, na harufu iliyotoka chini ya mlango wake ilikuwa ya siki tupu. Hakujaribu tena. Tulipokutana kwenye lifti aliniambia bonjour, akamwambia maman bonjour, na maman alisoma kibao cha uzito wa lifti kana kwamba ni Maandiko. Kisha siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta jina lake limebanduliwa kwenye kengele. Mlinzi wa jengo alisema amerudi kwao. Sikuaga, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kusimama kwenye mlango ule, na hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya wakubwa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza maman. Nilimuuliza zaidi ya mara moja. Alikuwa ameshaacha kanisa lile na alikiri kwamba Papa Pasteur alikuwa tapeli, hilo lilimtoka kirahisi. Lakini kuhusu siku ile alikuwa na jibu moja, na hakulibadilisha kamwe.

"Sikujuaka, mutoto yangu. Ule maman alikuwa anakuya na kiglasi, anasema gusa, gusa. Kifaransa yake ilikuwa ya shida. Miye nilizani ni vitu ya bundoki, ya uchawi. Kama ningejua alikuwa anatutakia muzuri, alors, ningefanya ingine."

Na mimi nilikubali. Si kwamba nilisamehe, ila nilikubali kumpunguzia. Mtu asiyejua si sawa na anayejua. Nilimwekea Papa Pasteur fungu kubwa la hasira yangu, wale wanawake wawili fungu lao, na maman nikambakishia kiasi cha kuweza kumtembelea Jumapili na kula sombe yake ya majani ya muhogo bila kusakamwa.

Basi siku ile ya ubatizo, baada ya makofi ya tradition, nilichukua koti langu. Nilikuwa nimekuja na gari na mvua ilikuwa imeanza. Sikutaka kumwambia neno mbele ya watu, kwa sababu neno moja lingeleta yote. Maman alinifuata hadi mlango wa ukumbi, kikombe changu mkononi.

"Unaenda bila kunywa?"

"Sitaki."

"Hata kiloko, tone moja? Ni ya nkambo yako hii."

"Nimesema sitaki, Maman."

Aliangalia mvua nje. Aliangalia funguo za gari mkononi mwangu. Na kisha, bila kufikiri, kama anayerekebisha kola ya mtoto, alinishika mkono wa kulia, akachovya kidole changu kwenye kikombe, akakiinua mpaka kwenye midomo yangu.

"Gusa basi," alisema. "Usiende ku barabara hivi hivi."

 Munkoyo ilikuwa midomoni mwangu, kali, tamu. Niliona jinsi alivyogundua alichofanya. Ilianzia machoni, ikashuka, mpaka mkono wake ukaniachia.

"Nani alikufundisha hivyo?" nilimuuliza.

Alitazama vidole vyake mwenyewe. Alivipangusa kwenye kitenge kipya, na mimi nikaliona tena lile koti la kazi, yeye na Indai wakicheka mlangoni kila jioni mimi nikitafuta mkoba.

"Ule maman," alisema. "Kila mangaribi niligusaka. Juu nisipate accident ku kazi."

"Na siku ile?"

"Siku ile Pasteur alikuwa ananiangalia."

Miaka yote nilikuwa nimempunguzia kwa sababu alisema hakujua. Pale mlangoni nilimrudishia fungu lake lote la hasira, nikafungua mwavuli, nikaondoka.